Umri wa Kashata

Harufu ya sifa hainiachi mpaka leo. Sifa ni yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi wa majahazi huyapaka kwenye mbao, na mtu asiyeyazoea akiyanusa mara ya kwanza hutafuta pa kutapikia. Baba yangu aliyatumia kulainishia mikanda ya punda wake, kwa kuwa aliamini hakuna mafuta mengine yanayoliweza jua la Mokowe. Kila alipofungua mkebe wake pale uani, kuku walikimbia, Mama alivuta mtandio akajiziba pua, na mimi nilisogea karibu. Niliipenda harufu ile. Ilikuwa harufu ya jioni, ya kazi iliyokwisha, ya Baba kukaa chini akatulia. Lakini kaskazi ile, msimu wa jua kali, nilipokuwa na miaka kumi aliufungua mkebe asubuhi, siku ya kazi, akautandaza mkanda wa kifuani juu ya mapaja yake, akaupima kwa shibiri, kisha akachukua kisu akaukata. Ukawa mfupi. Nikajua kabla hajasema neno kwamba mkanda ule haukuwa tena wa Mashaka.

Mashaka alikuwa punda jike wetu, na ndiye aliyetulisha. Wenzetu wa Amu, kisiwani ng'ambo ya maji, hawana haja ya mkokoteni. Vichochoro vyao ni vyembamba, watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, na punda wao hubeba mzigo mgongoni kwa shogi, ile mifuko miwili inayoning'inia ubavuni. Sisi wa Mokowe tuko bara, tuna barabara ya mchanga na nafasi ya kugeuka, kwa hiyo Baba alikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili. Alitoka alfajiri kwenda kisima cha maji matamu nje ya mji, akajaza madumu, akarudi kuyagawa majumbani na kwenye vibanda vya chai vya gatini. Kaskazi ikikaza, visima vya uani huwa chumvi, na chai ya maji ya chumvi, jamani, ni adhabu. Nyumba nyingi zilimngojea yeye. Sasa, Maulidi yalipopita tu, Mashaka akakanyaga kipande cha chuma karibu na gati. Ukwato ukavimba, akawa anasimama kwa miguu mitatu, kichwa kainamisha. Daktari wa mifugo alikuja, akausafisha ukwato, akamdunga sindano, akasema punda huyu asifungwe mkokoteni mpaka masika. Mpaka masika! Baba alishika kiuno akatazama juu, na hapakuwa na wingu hata la kusingizia.

Aliyebaki ni Kashata, mtoto wa Mashaka. Tulimwita hivyo kwa rangi yake, ile kahawia ya sukari iliyoungua kidogo. Alikuwa hajui kazi hata moja duniani. Asubuhi alimfuata mama yake mpaka kisimani bila kamba, akila hiki na kile njiani, akirudi nyuma kutisha mbuzi wa watu, akija mbio tena akisikia magurudumu yamekuwa mbali. Alikuwa na tabia ya kuniwekea kidevu begani nikiwa nimekaa kibarazani nikisoma, akanipumulia shingoni. Mimi ni mtu wa wasiwasi, nimezaliwa nao, Mama husema nililia tumboni. Tangu siku ile mkanda ulipokatwa, kila nikitoka shule nilikwenda kwanza kumtazama Kashata magoti. Sababu ni kwamba pale gatini palikuwa na punda mmoja ambaye kila mtu alimjua, punda aliyefungwa mzigo akiwa bado mdogo. Magoti yake ya mbele yalikuwa yamepinda, na mgongo umebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Hakuwa mzee. Alikuwa na umri mdogo tu, lakini alitembea kama mzee, na nikimwona nilipita upande wa pili wa barabara. Sasa usiku nilikuwa nikifumba macho namwona Kashata na magoti yale.

Baba hakuwa mtu wa haraka. Ndiyo maana jambo lile lilimtesa. Kila jioni alimfuata Kashata pale alipofungwa, akamshika taya, akamfungua mdomo, akayatazama meno ya mbele, kisha akaufunga mdomo taratibu na kuondoka. Nami nikingoja aende zake, nilifanya vivyo hivyo. Nilikuwa nimesikia kwamba punda akianza kung'oka meno ya utoto, yale madogo meupe, na kuota makubwa, hapo ndipo mifupa yake inapoanza kuwa mifupa. Nikayatazama meno ya Kashata: madogo, meupe, yote yapo. Kisha nikapitisha ulimi kwenye pengo langu mwenyewe. Nilimwambia sikioni, "Usiyang'oe, ewe, yashikilie." Kana kwamba lilikuwa jambo la hiari! Lakini madumu matupu yalikuwa yakijipanga mlangoni petu, kila nyumba ilituletea lake, na watoto waliotumwa nayo walikuwa na maneno: mama anauliza, leo yatakuja? Kila dumu lililowekwa pale lilikuwa kama linamkodolea Baba macho. Mwenye kibanda kimoja cha chai alishaanza kuuliza habari za mtu mwenye tuktuk.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Akaja ami yangu, Ami Shee, kaka mkubwa wa Baba, kutoka Amu. Kule alikuwa na punda wengi waliobeba mawe na mchanga wa kujengea, na hakuna aliyebishana naye juu ya punda. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mwema. Alituletea halua, akambeba ndugu yangu mdogo Bakari mabegani, akauliza hali ya kila mtu mpaka ya kuku. Kisha akakaa na Baba kibarazani, akamtazama Kashata kwa jicho moja, akasema, "Huyu wamngojeani, Athumani? Huyu si mtoto tena. Amekwisha kuona Maulidi matatu."

Hapo lazima nieleze, maana kwa mtu wa mahali pengine maneno hayo hayana uzito. Kwetu Maulidi ndiyo kalenda ya mambo ya nyumbani. Ukimuuliza mtu ndoa yake ina muda gani, atakwambia Maulidi kadhaa. Ukiuliza nyumba ilijengwa lini, ilijengwa Maulidi fulani. Na punda vilevile. Kwa ami yangu, na kwa Baba aliyelelewa naye, punda aliyeona Maulidi matatu ana miaka mitatu, na wa miaka mitatu huanza kazi. Baba akasema kwa sauti ya chini kwamba meno yake bado. Ami Shee akacheka mpaka kikombe kikamwagika. "Meno! Meno hutegemea chakula. Punda wa mchangani huchelewa meno. Huyu hapa binti yako ana miaka kumi na pengo bado, utasema hajafika miaka kumi?" Nikafumba mdomo wangu papo hapo kwa hasira. Kisha akaongeza, kwa upole sasa, "Samaki mkunje angali mbichi, ndugu yangu. Ukimwacha akakaza shingo, hutamuweza. Na watu wako watakwenda kwa mwengine, na mtu akishazoea ndia nyengine harudi."

Baba alijua methali pia, hakuzidiwa. Alijibu kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ami akamrudishia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango nikichambua mchele, na nakumbuka nilikasirika na wahenga wote kwa jumla. Hawa wazee walisema kila kitu na kinyume chake! Mtu ukiwa na shida ya kweli, mmoja anakuvuta mkono huu na mwenzake ule, nawe unabaki pale pale na punda wako. Kilichomshinda Baba mwishowe si methali. Alitazama yale madumu mlangoni, akatazama ukwato wa Mashaka uliofungwa kitambaa, akasema, "Basi tumjaribu. Kidogo tu."

Siku ya kujaribu nilimwomba Mungu Kashata awe mkaidi. Nilimwomba kwa bidii kuliko nilivyoomba kitu chochote. Nilitaka arushe mateke, alale chini, avunje kitu, aonyeshe ule ukaidi ambao watu huwatukania punda. Baba alimvisha hatamu, akamfunga mkanda ule mfupi kifuani, akamtembeza kwanza bila kitu, kisha akamrudisha nyuma taratibu mpaka akasimama katikati ya ile miti miwili ya mkokoteni. Masikio yalisimama, ngozi ya mabega ikacheza kama inafukuza nzi. Baba akamsemesha. Na Kashata, maskini, akaenda. Akaenda kama aliyesomea! Magurudumu yakalia, mkokoteni mtupu ukasogea, na watoto wa mtaa wakashangilia. Tulikwenda hivyo mpaka kisimani, Baba ameshika hatamu, Ami nyuma akisifu, nami pembeni nimebana kanga yangu kwa meno.

Kisimani Ami alisema apakiwe maji, madumu machache tu, tuone. Baba alisita, kisha akapakia. Kashata akavuta. Mara ya kwanza mkokoteni haukusogea, na nikafurahi. Mara ya pili akainamisha kichwa, akajikaza, ukasogea. Niliiona miguu yake ya mbele. Pale magotini ilikuwa ikitetemeka, mtetemeko mdogo kama wa mkono wa mtu mwenye homa, na kila mchanga ulipokuwa mwingi ilifunguka kidogo kwa nje kabla ya kurudi mahali pake. Lakini hakusimama. Hakusimama hata mara moja. Kila baada ya muda aligeuza shingo kumtazama Baba, masikio mbele, kuona kama amependeza. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Nilikuwa nikidhani hatari ni ukaidi wake, kumbe hatari ilikuwa utiifu. Angevuta mpaka avunjike, na angegeuka kutuuliza kama amevunjika vizuri. Ami alipiga makofi: "Sikukwambia? Huyu yuko tayari tangu zamani!" Nilimwona Baba naye anaitazama miguu ile.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Mama hakuwa na kawaida ya kuingilia maneno ya mumewe na shemeji yake, na ndiyo maana aliposema wote wawili waligeuka.

"Shemeji, niwie radhi. Nina swali moja. Huyu punda mwasema ana miaka mingapi?"

"Mitatu, Bi Khadija. Ameona Maulidi matatu."

"Na Bakari je? Maana Bakari na Kashata wamezaliwa wiki moja. Siku hiyo mkunga yuko ndani kwangu, na huyu ndugu yako yuko uani kwa Mashaka, anakimbia huku na huku hajui amsaidie nani. Sivyo, baba Bakari?"

"Ndivyo," Baba akasema, na akatabasamu bila kutaka.

"Bakari nimemwachisha ziwa mwezi huu huu. Miaka miwili kamili, kama dini ilivyotuwekea. Sikupunguza, wala sikuzidisha. Sasa kama punda ana mitatu, basi mimi nimemnyonyesha mtoto mwaka mzima usio wake. Niambieni kama nimekosea, nitubu."

Nani angethubutu kumwambia Bi Khadija kwamba amekosea hesabu ya ziwa? Mwanamke wa kwetu anaweza kusahau siku ya harusi yake, lakini miaka miwili ya kunyonyesha anaijua mpaka siku yenyewe, na majirani wanaijua pamoja naye. Ami Shee aliinua vidole vyake, akavihesabu polepole, midomo ikicheza. Maulidi haya yaliyopita. Ya mwaka jana. Ya mwaka juzi, ambayo Kashata aliyaona akiwa bado na unyevu wa kuzaliwa. Maulidi matatu, ndiyo, lakini kati yake kuna miaka miwili tu. "La ilaha illallah," akasema, akakaa chini juu ya dumu. Nilivyofurahi! Na papo hapo nikaogopa, kwa sababu nilimwona Baba, mkono wake uko juu ya shingo ya Kashata, na uso wake si wa mtu aliyetuliwa mzigo. Punda alikuwa ameokoka. Madumu yalikuwa bado mlangoni.

"Na watu watakunywa nini?" akauliza Ami, si kwa ubishi tena, kwa huruma. Baba alimvua Kashata mkanda, akaufunika mkebe wa sifa, akasema, "Mungu hakosi njia."

Asubuhi yake niliamka nikasikia magurudumu. Nilitoka mbio bila viatu, nikidhani Baba amebadili shauri, nikamkuta uani Mashaka anakula na Kashata anakula pembeni yake, wote wawili wamefungwa. Mkokoteni haupo. Nilifuata alama za magurudumu mchangani, na katikati yake hapakuwa na kwato. Palikuwa na nyayo za mtu. Nilimkuta karibu na msikiti, amejifunga kitambaa kifuani, ameishika ile miti miwili kila mkono na wake, anavuta maji ya watu. Jasho limemlowesha kikoi. Aliponiona akasema, "Rudi ukavae viatu."

Alivuta kaskazi yote. Watu walicheka, watu gani wasiocheka? Vijana wa gatini walimwita punda mpya wa Mokowe, wakamuuliza anakula majani gani, na yeye akawajibu kwamba anakula biriani, wamletee. Alijibu hivyo kila mara na kila mara walicheka, na mimi niliyekuwa nikisukuma nyuma baada ya shule nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa na hasira nao, na hasira naye kwa kutokuwa na hasira. Lakini zaidi nilikuwa na hofu. Hofu yangu ilihama tu nyumba. Mwanzo nilikuwa nikitazama magoti ya Kashata, sasa nikawa natazama mgongo wa Baba, ulivyokuwa ukijikunja kwenye mchanga mwingi na kuchelewa kunyooka. Ami Shee alimletea dawa ya kuchua kutoka Amu, na mara mbili tatu alivuka bahari akavuta yeye mwenyewe, yule bwana mkubwa, akitoa sauti kuliko mkokoteni. Siku moja jioni nilimwona Baba anasali kwa kukaa. Nikamuuliza Mama. Mama akasema amechoka, kesho atasimama.

Mvua zilikuja, visima vikarudi utamu, ukwato wa Mashaka ukapona. Kashata alianza kazi baadaye sana, meno yake makubwa yalipokwisha kutoka mbele na hata mimi pengo langu limeziba. Baba alimfundisha bila pupa: siku nyingi za kutembea na hatamu tu, siku nyingi za kuburuta tairi kuukuu mchangani ili azoee sauti nyuma yake, kisha mkokoteni mtupu, kisha dumu moja, na akichoka, basi. Majirani walisema Athumani anamlea punda kama bibi harusi. Kashata yuko hai mpaka leo. Magoti yake yamenyooka, mgongo wake umenyooka, na bado ana ile tabia mbaya ya kutisha mbuzi.

Siku hizi mimi naishi Amu, nafundisha watoto wa chekechea, na kila wikendi navuka kwenda Mokowe. Mji umebadilika. Kuna lami, kuna mifereji ya maji baadhi ya mitaa, kuna tuktuk zinazobeba kwa safari moja maji ambayo Baba aliyabeba kutwa. Vijana wanaendesha pikipiki kabla ya kuota ndevu, na hakuna anayewatazama meno. Sisemi zamani kulikuwa bora; nani mwenye akili atalilia kaskazi ile? Nasema tu kwamba zamani nilimwona mtu mzima akiumia roho, jioni baada ya jioni, kwa swali la kama mnyama mdogo amefika umri wa kubeba. Leo naona watoto wanaobebeshwa mengi, hata darasani kwangu, na kwa kuwa wanabeba wakitabasamu, tunasema wako tayari.

Mwezi uliopita nilimpeleka Baba hospitali. Kwa miaka sasa anasali juu ya kiti, na tangu mwanzo wa mwaka huu hawezi kujiinua kitandani mpaka ashikwe. Daktari alikuwa kijana mpole. Alizitazama picha za mgongo kwa muda mrefu, akaonyesha kwa kalamu mahali ambapo mifupa imelika, nami nikaikumbuka siku ile ya kisimani. Akamgeukia Baba, akamuuliza, "Mzee, mgongo huu umebeba sana. Ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Nilimtazama Baba, nikangoja aseme.

"Hapana kazi kubwa, mwanangu," akasema. "Nilikuwa na punda."

Daktari akaandika, nami nikainama nimvalishe viatu.